Kaza waya kabla hujamlaumu Einstein

Mwaka 2009, nikiwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ya kufichia chini ya godoro, mjomba alinipeleka kwa fundi mmoja wa kompyuta pale Kabwe, Mbeya, nikajifunze kazi. Wiki ya pili akaja mwalimu wa sekondari na kompyuta ya mezani nyuma ya pikapu. Aliileta nzima nzima, monita ya kichogo ikiwa imeunganishwa na mashine vilevile kama zilivyokuwa nyumbani kwake, amezifunga kwenye shuka kama anahamisha mgonjwa.

"Imekufa," akasema. "Taa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi."

Mzee wangu wa kazi alikuwa ametoka kwenda kula. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikaifungua. Nikatoa ramu, nikasugua meno yake kwa ufutio wa shule, nikairudisha. Kimya. Nikabadilisha pawa saplai. Kimya. Nikang'oa feni, nikapaka prosesa dawa mpya, nikafunga tena. Kimya. Saa mbili zikakatika hivyo, mwalimu yuko kwenye benchi ananitazama kama anavyotazamwa daktari anayefungua kitabu mbele ya mgonjwa.

Mzee akarudi anachokonoa meno. Hakuuliza kitu. Akainama nyuma ya mashine, akasukuma plagi ya waya wa monita kwa kidole gumba, akakaza skrubu zake mbili za pembeni. Picha ikatokea.

"Waya kwanza, dogo," akasema. "Akili baadaye."

Mzee huyu alianzia kwenye redio. Kompyuta hakuigusa mpaka miaka ya tisini, na si kwa uvivu: tangu 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na televisheni yenyewe kwa Tanzania Bara ilikuja kuanza kurusha mwaka 1994. Kwa hiyo alijifunza kompyuta akiwa mtu mzima, bila kitabu, kwa kufungua na kufunga, na nadhani ndiyo maana hakuwahi kuiogopa wala kuiabudu. Kwake ilikuwa redio yenye kiburi.

Septemba 2011 nilikuwa tayari na simu yenye intaneti. Bando la usiku lilikuwa rahisi, basi mimi na usingizi tulikuwa hatusalimiani. Nilisoma kila habari ya sayansi iliyopita mbele yangu, kupitia kivinjari cha Opera Mini, na usiku mmoja nikakutana na jaribio la kisayansi nalo linaitwa OPERA. Nikadhani simu imechanganya mambo.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Watafiti walikuwa wakirusha chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino kutoka CERN, kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva, hadi kwenye maabara iliyochimbwa chini ya mlima wa Gran Sasso huko Italia. Ni kilomita 730 hivi, na zinapita ndani ya mwamba, maana nyutrino hupita kwenye jiwe kama vile jiwe halipo. Kwa sisi wa huku ni kama kutoka Mbeya hadi Chalinze. Mwanga ungemaliza safari hiyo kwa milisekunde 2.4 tu. Nyutrino zilionekana kuwahi kufika kwa nanosekunde 60. Ukitaka kujua nanosekunde ni nini, chukua sekunde moja uikate vipande bilioni. Hivyo vipande 60 ndivyo vilivyoleta kelele yote. Kwa sababu Einstein amesema tangu 1905 kwamba hakuna kinachoushinda mwanga mbio, na fizikia nzima ya karne imejengwa juu ya hapo.

Asubuhi nilifika kazini nimevimba macho. Nikawahutubia watu wa kijiwe cha kahawa. Einstein kakosea, nikasema. Sasa watu wataweza kutuma ujumbe jana. Muuza kahawa akauliza kama anaweza kutumiwa jana matokeo ya mechi ili abetie. Nikasema nadharia inaruhusu.

Mzee akanywa kahawa yake mpaka ikaisha. "Wamekaza waya?" akauliza. Kijiwe kizima kikacheka, na mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Alikuwa anatania bwana. Alikuwa anasema hivyo kwa kila kitu, hata Taifa Stars ikifungwa.

Februari 2012 nikasoma tena simuni, na safari hii nikasoma mara tatu kabla ya kuamini. Kulikuwa na waya. Waya wa nyuzi za kioo uliokuwa ukileta alama ya muda kutoka kwenye kipokezi cha GPS kwenda kwenye mitambo ya kurekodi haukuwa umekazwa hadi mwisho. Mwanga uliopita ndani yake ukawa hafifu, kifaa cha upande wa pili kikawa kinachukua muda zaidi kustuka kwamba alama imefika. Na saa ikichelewa kuambiwa, mgeni anaonekana kawahi. Kulikuwa na kasoro nyingine pia, saa ya mitambo ilikuwa haiendi sawasawa kabisa, lakini waya ndio uliokuwa na dhambi kubwa. Mwezi Machi jaribio jingine lililo kwenye maabara ileile, ICARUS, likapima nyutrino zao na kukuta zinakwenda mwendo wa mwanga, hazizidi. Mwisho wa mwezi huo viongozi wawili wa OPERA wakaachia nafasi zao.

Nilimsomea Mzee habari yote nikimtafsiria. Hakufurahi kama nilivyotarajia. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Hao wawili, ndio waliowaambia watu waje kukagua?" Nikasema ndiyo. Walikuwa wamehangaika miezi mingi kutafuta kosa ndani ya kazi yao wenyewe, walipolikosa wakaweka hesabu zote hadharani na kuomba wenzao wawasaidie kulitafuta. "Basi wamewaonea," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Mimi hadi leo niko upande wa Mzee. Watu huitaja habari ile kama kichekesho, wanasayansi wakubwa wameshindwa kukaza skrubu. Kwangu ndiyo habari bora ya sayansi niliyowahi kusoma, kwa sababu waliweka hadharani kitu walichokuwa hawakiamini wenyewe na hawakukificha ili wasichekwe. Mafundi wangapi tunafanya hivyo? Fundi akiunguza madabodi ya mteja, ule ubao mkuu wa kompyuta, wengi tunasema umeme ulirudi kwa kishindo.

Baadaye nikafungua kijichumba changu Mwanjelwa, ambacho ukinyoosha mikono unagusa ukuta huku na huku. Kulia ni saluni ya akina mama, kushoto wanauza mbegu za mahindi na dawa za kupulizia. Saluni imenisaidia kuliko cheti chochote. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya inakuwa ya kushikana nayo mashati, na kila mwaka huletewa mashine ambazo mwenyewe anaapa zinakataa kuwaka asubuhi lakini saa nne zinakubali. Wengine wamekwisha kuziombea. Huwa naazima draya ya kukaushia nywele, napuliza joto kwenye pawa saplai dakika chache, inawaka. Ni kapasita zilizozeeka, vile vipipa vidogo vya kutunza umeme: maji yaliyomo ndani yake hufanya kazi vibaya kukiwa na baridi, na zikizeeka huwa vibaya zaidi. Dada wa saluni anajua kutambua kapasita iliyovimba kuliko wanafunzi niliowahi kuwafundisha.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ililetwa na kibanda cha gemu.

Kuna jamaa alikuwa na kibanda chake Soweto ya hapa Mbeya, PlayStation 2 nne, televisheni nne za kichogo, mechi shilingi mia mbili. Mashine hiyo ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, zikauzwa zaidi ya milioni 160 duniani, na hapa kwetu ilikuwa bado inalisha familia miaka kumi na tano baadaye. Sababu si mapenzi tu. Inafunguka. Jicho lake la kusomea CD likichoka unalisafisha, likifa unapata jingine kwenye mashine iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Habari za gemu ninazosoma siku hizi zote ni urembo: jasho la mchezaji linang'aa, majani ya uwanja yanahesabika, na gemu moja linaweza kuzidi gigabaiti 100 za kupakua. Niambie bando la kulipakua hilo ni la nani hapa Soweto.

Kibandani kulikuwa na bingwa, kijana muuza mitumba, hafungiki. Jamaa mwenye kibanda alipopata faida akanunua televisheni bapa moja, kubwa, akaiweka mbele. Bingwa akakaa pale kwa heshima. Akafungwa. Akafungwa tena. Akafungwa na mtoto wa darasa la sita. Akatupa pedi ya kuchezea akasema gemu limechakachuliwa, mwenye kibanda ameweka kitu. Wakaanza kukunjana mashati, mtu akapiga simu: fundi njoo.

Nikaanza na waya, kama nilivyofundwa. Waya mzima. Nikabadilisha pedi, bado. Nikamwuliza bingwa anahisi nini, akasema, "Nabonyeza, mchezaji anafikiria kwanza." Sentensi hiyo nikaikumbuka njiani narudi nyumbani. Nabonyeza, mchezaji anafikiria. Hiyo ni OPERA kabisa. Kuna mahali alama inachelewa.

Kesho yake nikarudi na simu inayorekodi picha 60 kwa sekunde, maana yake kila picha ni milisekunde 17 hivi. Nikamwambia bingwa abonyeze kitufe cha kupiga shuti, nikarekodi kidole chake na kioo kwa pamoja, mara kumi kwenye kichogo, mara kumi kwenye bapa. Kisha nikakaa na kuhesabu picha moja moja tangu kidole kizame hadi mguu wa mchezaji uanze kutikisika. Kwenye kichogo zilikuwa nne au tano. Kwenye bapa, kumi na moja, mara nyingine kumi na mbili. Tofauti ya picha saba: zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mtu wa kawaida haioni. Mtu aliyecheza gemu hilohilo miaka sita anaihisi kwenye mifupa.

Kisa chake hiki hapa. Kichogo hakina akili: mstari wa picha ukiingia, kinauchora papo hapo. Televisheni bapa inaipokea picha, inaikunjua, inainyoosha ilingane na kioo chake, inailainisha, inaipaka rangi, ndipo inakuonyesha. Kwa filamu haina shida, sauti inasubirishwa pamoja na picha. Kwa gemu, hiyo ni kuchelewa. Ndani ya mipangilio ya televisheni kulikuwa na hali ya gemu, imezimwa, ambayo kazi yake ni kuiambia televisheni iache kujipodoa. Nikaiwasha, nikapima tena: picha sita, saba. Bingwa akarudi kwenye kiti chake, akamlaza mtoto wa darasa la sita mabao manne.

Tabu ni kwamba yeye aliamini ni pedi mpya. Nilimwonyesha video, nikamhesabia. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Sawa fundi, lakini hii pedi usiichukue."

Usidhani mimi nimekwisha kuwa mtu wa kukagua kila kitu. Mwaka 2019 nilinunua, kwa hiari yangu na akili zangu timamu, flashi ya terabaiti 2 kwa shilingi 20,000 kwa mchuuzi wa stendi. Fundi kompyuta mzima. Nikaichomeka, kompyuta ikasema: terabaiti 2. Nikafurahi kama mtu aliyeokota.

Wiki ileile mama mmoja wa Iyunga akaniletea kadi ya kamera yenye picha na video za harusi ya binti yake, akaomba nizihamishie mahali salama na kadi niisafishe, ni ya kuazima. Nikahamisha kwenye flashi yangu mpya. Nikafungua picha tatu za kwanza, zipo. Nikaifuta kadi. Jioni nikaanza kuzipanga, nikakuta kuanzia mahali fulani picha zote ni kijivu, nyingine nusu uso nusu kijivu.

Ujanja wake ni wa kusikitisha kwa wepesi. Kompyuta ikichomekwa flashi huiuliza: una ukubwa gani? Flashi hujibu. Basi, hakuna anayehakiki. Ndani ya flashi kuna chipu ndogo inayosimamia mambo, na mtu amekwisha kuibadilishia programu iseme uongo. Yangu ilikuwa na gigabaiti 32 za kweli. Ukivuka hapo, inaendelea kupokea mafaili kwa heshima zote, inasema asante, na inayatupa au inayaandika juu ya yale ya mwanzo. Ukitazama orodha, majina ya mafaili yote yapo. Ni daftari la mahudhurio lililojaa majina, darasani hakuna watoto.

Kilichoniokoa ni kwamba kufuta kadi kwa haraka hakufuti picha, kunafuta faharasa tu, na sikuwa nimeiandika kitu kingine juu yake. Nikaiendesha programu ya PhotoRec usiku kucha, nikapata picha nyingi sana, video mbili zikapotea kabisa. Moja ilikuwa ya bibi, mama yake yule mama, akicheza. Nikaenda Iyunga mwenyewe, sikumpigia simu. Akanikaribisha chai. Nilipomaliza kueleza akasema, "Mwanangu, mimi sikujua kama picha zinaweza kufa." Hakunidai. Ningependa angenidai.

Tangu siku hiyo flashi haianzi kazi mezani kwangu kabla sijaijaza yote na kuisoma yote. Kwenye Windows natumia H2testw, kwenye Linux F3. Zote zinafanya jambo moja, zinaandika mpaka pajae halafu zinasoma kuona kama zilichoandika ndicho kilichomo. Inachukua saa nyingi. Wateja wanalalamika. Kwa wale wanaokuja wamekasirika kwamba diski ya terabaiti 1 inaonyesha 931, hao nawatuliza: hapo hakuna wizi, mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Na programu hizi za akili bandia zinazojibu maswali, ambazo kila habari ya teknolojia sasa inaanzia au kuishia kwao, mimi nazichukulia kama flashi ile. Sizichukii. Zinanifupishia kazi ya kusoma miongozo mirefu. Ila niliwahi kuuliza moja namba ya kipuri cha madabodi ya zamani, ikanipa namba nzuri, imepangika, na maelezo ya wapi hukaa. Nilihangaika siku tatu kuagiza kitu ambacho hakijawahi kutengenezwa. Ilikuwa imejibu swali la ukubwa bila kuwa na ukubwa.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijawahi kuliandika.

Mwaka 2018 nilimchukua mpwa wangu, wakati huo ana miaka kumi, twende tukaone Kimondo cha Mbozi. Tulishuka Mlowo, tukachukua bodaboda hadi Ndolezi. Njiani aliniuliza nani alikigundua, nikamwambia vitabu vinasema mwaka 1930. "Kabla ya hapo watu walikuwa hawapiti?" akauliza. Nikamweleza habari ya kipunji, yule nyani wa misitu ya Rungwe aliyetangazwa duniani mwaka 2005 kuwa spishi mpya, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake, yaani ukoo wa spishi zinazokaribiana, ikaitwa Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Wanyakyusa walikuwa wakimwita kipunji miaka yote, na watafiti walianza kumtafuta kwa kusikia simulizi zao. Mjomba wetu wa Tukuyu alipoonyeshwa picha gazetini alisema tu, "Ndaga, wamemwona na wao." Lakini nikamwambia mpwa wangu pia kwamba kuna tofauti kati ya kumjua mnyama na kumpima, kumlinganisha na wengine wote, na kuandika ili mtu wa Japani naye aweze kukagua. Mjomba alimjua. Wao walimpima. Sioni kwa nini mmoja amnyang'anye mwenzake.

Kimondo kile kinanyamazisha mtu. Kama mita tatu za urefu, tani 12 kwa makadirio ya kawaida, wengine hufika 16, karibu asilimia 90 ni chuma na sehemu kubwa ya kinachobaki ni nikeli. Kimelala juu ya nguzo waliyoiacha walipochimba kukizunguka. Shimo la kuangukia halionekani. Ukikigusa ni baridi, laini kama sufuria kuukuu.

Mfukoni nilikuwa na sumaku. Niliitoa kwenye "hard disk", diski ya kuhifadhia mafaili, ya mteja aliyekuwa na hakika kwamba diski yake ilikufa kwa sababu Mbeya iko juu sana. Alikuwa amesoma mahali kwamba kisomeo cha diski huelea juu ya hewa na kwamba hewa ya milimani ni nyepesi, jambo ambalo ni kweli, ila watengenezaji wengi huruhusu hadi mita 3,000 hivi na sisi hapa mjini tuko kama 1,700. Diski yake ilianguka kutoka kitandani. Sumaku za ndani ya diski hizo zina umbo la korosho na nguvu za ajabu; ukiachia mbili zikakutana kwenye ngozi ya kidole utasema jina la mama yako.

Nikamwambia mpwa wangu, tazama. Nikaisogeza kwenye Kimondo. Tak! Ikarukia yenyewe. Mtoto akapiga kelele ya furaha. Tukaibandua, tukaibandika pengine. Tak. Tukapiga picha. Nilijiona mwalimu bora wa sayansi kusini mwa ikweta.

Mwaka 2023 nikasoma kwamba wanasayansi wa vimondo wanawasihi watu waache kuvigusisha sumaku. Jiwe likipoa ndani ya uga wa sumaku hubaki na alama ya uga ule, na wao huisoma alama hiyo kujua mambo ya zamani za kuumbwa kwa sayari. Sumaku kali ya mkononi huifuta. Kuna jiwe la kutoka Mars lililopatikana Sahara mwaka 2011, la thamani kubwa, ambalo vipande vyake vilikutwa vimefutwa hivyohivyo, kwa sumaku za watu waliotaka tu kuhakikisha kama ni kimondo.

Nilikaa na simu mkononi nikitazama bango langu mwenyewe ukutani, nimeliandika kwa rangi nyekundu: UMEHIFADHI? TUSIFUTE KWANZA. Mimi huyo nilikwenda kwenye kitu kilichokaa na kumbukumbu zake tangu kabla Dunia haijapoa, nikakifomati, halafu nikapiga picha. Najua sumaku ya ukubwa wa korosho haimalizi tani 12, inaharibu pale ilipogusa. Lakini tuligusa pengi. Na mtoto alikuwa ananitazama.

Nilimwambia. Sasa ana ndevu za kwanza, na nikitoka kwenda kula yeye ndiye anayekaa mezani. Alifikiri kidogo akasema, "Anko, si ungeuliza kwanza?" Nikasema ndiyo.

Sumaku yenyewe ipo, nimeiweka ndani ya kopo la maziwa, kazi yake kushika skrubu zisidondoke. Mwezi wa kumi tunarudi Ndolezi, na amekwisha kunionya kwamba kabla hatujapanda gari atanisachi mifuko.